Kampuni Iliyotaka Kulipwa Kwanza

Rosalind Tibbets alirudi kutoka kazini alasiri, viatu vimejaa theluji na nywele zinanuka vitunguu. Alikuwa mpishi katika shule ya msingi mjini Ashtabula, kando ya Ziwa Erie. Alhamisi hiyo alikuwa amewapikia watoto makaroni na jibini, akamfungia mumewe kidogo kilichobaki.

Alipoingia jikoni akasikia simu inalia. Akatazama huku na huku. Mlio ulikuwa unatoka ndani ya sanduku la mkate.

"We Duane! Tangu lini mkate unapigiwa simu?"

"Iache," Duane alijibu kutoka mezani. "Ni hao wa kadi za mkopo. Nimechoka nao."

Duane alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Mwaka uliopita alianguka kutoka kwenye ngazi kazini, akavunjika nyonga. Bima ililipa sehemu ya gharama za hospitali, si zote. Miezi ikapita bila mshahara wake. Chakula wakanunua kwa kadi. Gesi ya kupasha nyumba joto wakalipia kwa kadi. Kadi moja ilipojaa wakachukua nyingine. Sasa walidaiwa karibu dola elfu thelathini, na riba ilikuwa inapanda kila mwezi.

Rosalind alivua koti. Akamtazama mumewe. Jana tu mtu huyu alikuwa hali wala halali. Leo alikuwa anakunywa kahawa kwa raha zake.

"Mbona umetulia hivyo?"

"Kwa sababu nimelimaliza," Duane alisema. "Kaa chini, mke wangu. Nimepata kampuni. Vandermoss. Kazi yao ni kusuluhisha madeni. Wanaongea na wenye kadi, hayo mabenki yanayotudai, deni linakatwa nusu, tunalipa kidogo kidogo, basi. Kuna jamaa anaitwa Bryce, kijana mzuri sana, ananiita kaka."

"Umesaini?"

"Jana usiku, kwenye simu."

"Bila kuniambia?"

Duane aligeuza kikombe mkononi. "Nilitaka nikwambie yakiwa yamekwisha. Wewe umebeba nyumba hii mwaka mzima, Roz. Nilitaka na mimi nifanye jambo moja."

Rosalind alikuwa na maneno mengi mdomoni, lakini hayo ya mumewe yakamzuia. Akauliza tu, "Wanachukua pesa ngapi?"

"Dola mia nne na hamsini kila mwezi, kutoka benki moja kwa moja. Ya kwanza Jumanne ijayo."

"Jumanne! Duane, hiyo ndiyo pesa ya mkopo wa nyumba!"

"Bryce anasema miezi mitatu ya mwanzo ni migumu, halafu mambo yananyooka."

Mlango wa nyuma ukagongwa. Alikuwa Delphine Okerlund, jirani wa nyumba ya tatu, mwanamke mrefu mwenye sauti kubwa. Kila Jumanne jioni alikuwa akicheza bolingi, mchezo wa kuangusha pini kwa mpira, timu moja na Duane, kabla Duane hajaumia. Asubuhi alifanya kazi katika ofisi ya ushauri wa madeni, ofisi ya hisani isiyotafuta faida. Kwa sababu hiyo hiyo, Duane alikuwa anamkwepa tangu vuli.

"Viatu vyako vya bolingi hivi, bwana mkubwa," Delphine alisema, akiweka mfuko mezani. "Vinanuka mpaka kabati la timu limelalamika." Halafu akaziona nyuso zao. "Nimekuja wakati mbaya?"

"Ndiyo," alisema Duane.

"Hapana," alisema Rosalind. "Kaa. Mwambie, Duane. Usipomwambia wewe, nitamwambia mimi."

Duane aliinamisha kichwa. Akaeleza kwa sauti ndogo, kama mtoto aliyevunja dirisha la jirani. Delphine hakucheka wala hakumlaumu. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Hizo pesa za miezi mitatu ya mwanzo zinakwenda wapi?" akauliza. "Kwa wenye kadi?"

"Sijui. Nadhani."

"Hapo ndipo pa kuanzia, Duane. Kampuni inayokuuzia huduma hii kwa simu hairuhusiwi kuchukua ada kabla ya kufanya kazi. Ni sheria ya nchi nzima. Lazima kwanza wasuluhishe angalau deni moja, wewe ukubali yale masharti, na uwe umelipa walau mara moja chini ya mapatano hayo. Hapo ndipo wanadai chao, tena kwa deni hilo tu."

"Kwa hiyo ni wezi?"

"Sijasema. Siwajui. Zipo kampuni zinazofuata sheria. Muulize mwenyewe. Mimi nitakaa kimya hapa pembeni."

Rosalind aliitoa simu kwenye sanduku la mkate. Akapangusa chembe za mkate. Akabonyeza namba, akaweka sauti kubwa ili wote wasikie.

"Kaka Duane!" Sauti ya kijana ilikuwa tamu kama asali. "Niambie, bosi wangu!"

"Ni mke wake. Nina maswali machache."

"Karibu sana, mama! Una mume mwenye akili, nikwambie ukweli. Uliza chochote."

Rosalind aliiweka simu katikati ya meza. Akauliza, "Pesa ya Jumanne itakwenda kwa nani?"

"Hiyo ni ada ya kufungua jalada, mama. Miezi mitatu tu."

"Hata kama hamjapunguza deni lolote?"

"Mama, wataalamu wetu hawafanyi kazi bure, sivyo?" Bryce akacheka.

Delphine alimtazama Duane. Duane akaangalia kikombe chake.

"Na baada ya hapo, pesa zetu zitakaa wapi?"

"Kwenye akaunti salama kabisa."

"Kwa jina la nani?"

"La kampuni, bila shaka. Sisi ndio tunaosimamia."

"Nikitaka kuzitoa?"

"Utataka kuzitoa kwa nini, mama, wakati deni lako tunalikata nusu? Nakuhakikishia. Asilimia mia moja."

"Wenye kadi wakitushtaki je?"

Kicheko kilikuwa kimetoka kwenye sauti ile. "Hawashtaki. Na karatasi za mahakama zikija, msizijibu. Tupeni huko. Msiongee na mtu yeyote isipokuwa sisi."

Delphine alifumba macho, akatikisa kichwa polepole.

"Basi tunajitoa," alisema Rosalind.

"Mnajitoa?" Sasa sauti ilikuwa nyingine kabisa, kavu. "Mumeo amesaini. Mkivunja mkataba, hiyo nyumba mtaisahau. Mpe simu mumeo. Duane! Unanisikia? Mwanaume gani wewe, unamwachia mkeo aongee mambo ya pesa? Si uliniambia unataka kuwa kichwa cha nyumba?"

Uso wa Duane uliwaka. Rosalind akadhani ataitupa simu ukutani, au, vibaya zaidi, atamwomba radhi yule kijana. Duane akaegemea fimbo yake, akasimama taratibu.

"Nakusikia, Bryce," alisema. "Mke wangu amekwambia tunajitoa. Na mimi nasema hivyo hivyo. Nitaandika barua pia, nitabaki na nakala." Akakata simu.

Delphine akatazama saa ya ukutani.

"Benki inafungwa saa kumi na moja," Delphine alisema. "Twendeni sasa hivi. Huyo hatangoja barua yako. Jumanne atachukua tu."

Theluji ilikuwa inaanguka nzito. Rosalind aliendesha ile pikapu ya zamani, Duane katikati akiuma meno kila gurudumu lilipoingia shimoni, Delphine dirishani akifuta ukungu kwa mkono wa koti. Karibu na daraja, gari la kusafisha theluji lilikuwa limeziba njia.

"Pita pembeni!" alisema Duane.

"Nipite wapi, mtoni?"

Wakangoja. Saa ya pikapu ilikuwa mbovu, lakini kila mmoja aliitazama. Gari lile liliposogea, Rosalind alikanyaga mafuta, pikapu ikateleza, ikayumba, ikashika barabara.

Walipofika, mlinzi alikuwa ameshika funguo mlangoni. Delphine aliruka chini kwanza. "Tuna mteja mwenye nyonga mbovu!" akapiga kelele. "Usifunge, tafadhali!"

Karani wa benki aliwasikiliza, akaandika kwenye kompyuta yake. "Malipo yamepangwa Jumanne?"

"Jumanne, ndiyo," alisema Duane.

"Kuzuia malipo ya kila mwezi kama haya, lazima utuarifu siku tatu za kazi kabla. Jumamosi na Jumapili hatuzihesabu." Akatazama kalenda. "Leo ndiyo siku ya mwisho."

Rosalind alishika ukingo wa kaunta. Duane alisaini. Safari hii alisoma kila mstari kwanza, kidole kikifuata maneno, na hakuna aliyemharakisha.

"Nimezuia," karani alisema. "Lakini angalieni akaunti yenu kila siku. Wakijaribu kwa jina jingine, njooni upesi."

Katika pikapu, Duane alilia. Hakulia kwa sauti. Rosalind hakuwasha gari mpaka alipomaliza.

"Nilikuwa mjinga," alisema.

"Ulikuwa umechoka," alisema Delphine. "Hao wanawatafuta watu waliochoka. Kesho piga simu ofisi ya mwanasheria mkuu wa jimbo, uliza kama wana malalamiko juu yao. Tafuta pia jina lao kwenye mtandao pamoja na neno malalamiko."

"Na kama ingekuwa kampuni ya kweli?" Rosalind aliuliza. "Ile isiyochukua ada kwanza?"

"Ingewaeleza hatari kabla hamjasaini. Nyingi zinakwambia uache kulipa kadi, pesa hiyo uiweke kwa ajili ya mapatano. Ukiacha, riba inapanda, jina lako linaharibika kwa wakopeshaji, na unaweza kushtakiwa. Mwenye kadi hana lazima ya kukubali punguzo. Na deni likisamehewa, pengine serikali italihesabu kama mapato, ulipe kodi. Pesa unazoweka akiba zinapaswa kuwa zako, kwa jina lako, uzitoe ukitaka. Mtu anayekuficha hayo, au anayekuhakikishia asilimia mia kwamba deni litakatwa nusu, mkimbie."

"Na karatasi za mahakama?"

"Usizitupe hata siku moja! Ukinyamaza, anayekudai anaweza kushinda kesi bila wewe kufungua mdomo, halafu akaja kukukata mshahara."

Duane akapenga kamasi. "Na ofisi yako, Delphine? Tutajuaje kama si hivyo hivyo?"

"Hilo sasa ndilo swali!" Delphine akampiga begani, Duane akagumia kwa maumivu. "Samahani, bwana. Kutuchunguza sisi pia ni haki yenu. Angalieni kama tumesajiliwa. Ulizeni gharama zetu, mpewe kwa maandishi kabla ya kusaini. Mkimaliza, njooni."

Kesho yake Rosalind alipiga simu ofisi ya mwanasheria mkuu. Vandermoss ilikuwa inajulikana huko. Familia nyingi zilikuwa zimelipa miezi mitatu, kisha namba ya kampuni ikawa haipokelewi. Rosalind akaandikisha malalamiko yao pia. Alipomaliza aliketi kwenye kiti cha jikoni. Alikuwa anamfikiria yule mlinzi wa benki na funguo zake.

Jumatatu waliichunguza ofisi ya Delphine, na mchana wakaenda. Mshauri aliyewapokea alichukua saa nzima kuuliza maswali, hakuwaahidi muujiza. Kwanza aliwaambia wapokee simu za wenye kadi. Duane alipokea ya kwanza huku jasho linamtoka. Aligundua kwamba mtu wa upande wa pili alikuwa mama mmoja mwenye mafua, naye alitaka tu kujua lini watalipa.

Mpango ulichukua wiki kadhaa kukamilika. Wenye kadi walikubali kushusha riba. Deni lenyewe halikukatwa, lakini sasa kila dola iliyolipwa ililipunguza. Hospitali nayo ilikuwa na msaada kwa wenye kipato kidogo, ambao hakuna aliyewahi kuwatajia. Waliomba, wakafutiwa sehemu kubwa. Malipo ya mwezi yalibana. Waliacha nyama siku nyingi, na Rosalind aliuza mashine yake ya kushonea. Lakini nyumba ilibaki yao.

Kiangazi Duane alirudi kazini nusu siku, kwenye karakana ya boti. Mchana mmoja alimsikia Emmett, fundi mwenzake, akiongea kwa simu nyuma ya makopo ya rangi. "Ndiyo, kaka," Emmett alikuwa anasema. "Ngoja nikusomee namba ya akaunti."

Duane hakuwa amemwambia mtu yeyote pale kazini habari za madeni yake. Hata kuhusu nyonga alikuwa akiwatania kwamba aliumia akicheza dansi. Alisimama, akachechemea haraka kuliko daktari alivyomruhusu, akaufunika mdomo wa simu kwa kiganja chake.

"We, una wazimu?" alisema Emmett.

"Mwambie utampigia baadaye," alisema Duane. "Kaa hapa. Nataka nikueleze jinsi mimi nilivyokaribia kupoteza nyumba."

Akavuta ndoo, akaketi, akaanza tangu mwanzo.