Nilivunja Kioo Ili Mwanangu Apumue

Wasomaji wenzangu, nina miaka ishirini na sita, na ni mtalaka. Hapa Bagamoyo husemwa kwamba niliachwa kwa sababu ya kioo cha gari. Leo nisikilizeni mimi...

Mume wangu alikuwa mnunuzi wa mbata, zile nazi kavu. Aliponunua gari kuukuu nilishangilia. Kumbe ndiyo jela yangu! Kwa wivu wake alitundika mapazia, akang'oa vitasa vya ndani na mikono ya kushushia vioo. Mkono mmoja aliubakiza, akauweka mfukoni mwake.

Niwaeleze kidogo, msichoke. Chini ya kioo cha mbele palikuwa na kidirisha cha hewa chenye wavu. Wavu hushika vumbi na majani, kwa hiyo husuguliwa kwa brashi ili upepo uingie. Fundi alimwambia mume wangu hivyo. Yeye akakiziba kwa matambara, eti vumbi linachafua kanzu yake! Na rejeta akaitia maji ya kisima chetu cha chumvi, ikaliwa na kutu.

Siku moja tulikuwa tunakwenda Lugoba, harusini kwa mdogo wake. Nilimpakata binti yetu Salma, bado ananyonya. Njiani rejeta ikatoboka, mvuke ukafoka. Jua la adhuhuri! Mume wangu akachukua debe akatafute maji. Nikamsihi anifungulie nikae kivulini.

"Kaa humo humo," akasema. "Mke wangu si bidhaa ya gulioni!"

Akafunga kwa ufunguo, akaenda zake.

Nilimpepea Salma kwa mtandio mpaka mkono ukafa ganzi. Akalia... akalia... kisha akanyamaza. Macho yakampinduka. Ningefanya nini, ndugu zangu? Miguuni palikuwa na mbuzi ya kukunia nazi, zawadi ya bibi harusi. Nikaiinua, nikakipiga kioo. Nikapiga tena, kikavunjika!

Wanawake wawili waliokuwa wakitoka shamba wakampokea mtoto, wakamlowesha kwa maji ya kibuyu chao. Salma akakohoa, akalia. Sijasikia sauti tamu kuliko ile!

Mume wangu aliporudi, alitazama kioo kwanza.

"Umenivunjia heshima mbele za watu!"

"Heshima gani, ewe bwana," mmoja wa wale wanawake akamjibu, "ya kumbanika mtoto kama muhogo?"

Akatamka talaka palepale, debe mkononi. Mtoto hakumgusa.

Sasa nadarizi kofia nyumbani kwa mama. Wenye magari, nawasihi: safisheni kidirisha cha hewa, na rejeta itieni maji yasiyo na chumvi. Nanyi dada zangu, siku mume atakapong'oa kitasa cha kwanza, semeni siku hiyohiyo. Msingoje, kama mimi, mpaka mtoto anyamaze.