Bibi Dirishani

Jumamosi duka la picha lilifurika watu, na msusi mmoja aliingia na gauni la njano lililomkaa mpaka foleni nzima ikageuza shingo. Alimpa fundi wa picha simu yake. Alitaka picha ya bibi yake itolewe kubwa, ya kutundika ukutani, maana kesho yake bibi alikuwa na sherehe ya kuzaliwa.

Fundi akaitazama. Bibi alikuwa anacheka, kichwa nyuma, mwanga umemmwagikia shavuni. Ilikuwa nzuri mno, na balaa lilianzia hapo.

"Dada, hii ni kazi ya studio. Siwezi kuitoa bila kibali cha aliyeipiga."

"Aliyeipiga ni mimi."

"Kila mtu husema hivyo, dada yangu. Juzijuzi tu mpiga picha mmoja ametushtaki."

"Kwa hiyo mimi mwizi? Na gauni lote hili?"

Watu wakacheka. Fundi naye alicheka, ila msimamo hakuuacha.

"Basi nionyeshe zilizoharibika. Mwizi huchukua nzuri tu. Mwenye mali anazo na mbovu."

Msusi akamfungulia. Bibi kafumba macho. Bibi anapiga chafya. Nusu bibi, nusu kidole gumba cha msusi. Mwisho bibi kainua kandambili, kachoka kupigwa picha. Fundi alicheka mpaka machozi yakamtoka.

"Nimeridhika, ni zako kabisa. Naomba namba ya simu, nikujulishe ikiwa tayari."

"Si unaitoa sasa hivi, nikiwa hapahapa?"

"Naitoa sasa hivi. Namba bado naiomba."

Akapewa. Basi ikawa asubuhi simu, mchana simu, jioni ndiyo usiseme.

"Bwana Kibali, umekula?"

"Bado, mpenzi. Nasubiri uniruhusu."

Mwisho wa wiki walitembea pamoja, wakipiga picha. Bibi naye, anayeishi na msusi, akaanza kuuliza mkwe wake anakuja lini.

Siku moja msusi akapita dukani bila kumwambia mtu. Alimkuta bibi dirishani, mkubwa kama mlango, na chini yake bei za kusafisha picha.

"Nani kakupa ruhusa?"

"Mpenzi, niliona fahari. Nilitaka watu wote waione kazi ya mkono wako."

"Mimi ulinisimamisha mbele za watu nithibitishe picha ya bibi yangu mwenyewe. Wewe hata kuniuliza umeshindwa."

Kosa alilowakataza wateja kila siku, fundi alikuwa amelifanya yeye mwenyewe. Msusi akaondoka, na simu zake zote akaziacha ziite.

Mimi nasema alistahili. Lakini maskini alimpenda yule binti, na kila simu isiyopokelewa ilimkata maini. Picha aliishusha siku ileile, akavuta pazia.

Jumapili alikwenda kwa kina msusi, shati limenyooka kwa pasi, bahasha mkononi. Msusi akafungua mlango. Hakumkaribisha wala hakumfukuza.

"Nimekosa. Nilidhani cha kwako kimeshakuwa changu, nikaona hakuna haja ya kuuliza. Nisamehe."

Akampa bahasha. Zilikuwa picha zao wawili. Moja imewakata vichwa. Nyingine fundi kafumba macho, mdomo wazi. Nyingine msusi kaloa mvua na kanuna kwelikweli. Nzuri haikuwemo hata moja.

"Nzuri ziko wapi?" msusi aliuliza, akijizuia kucheka.

"Nzuri hata mpita njia angeweza kuwa nazo. Hizi ninazo mimi, na sitaifuta hata moja. Nataka kukuoa, mpenzi. Safari hii nauliza kwanza."

Machozi yakamlenga msusi. Kabla hajajibu, sauti ya bibi ikatoka ndani.

"Mkubalie, mjukuu wangu, asije akaota mizizi hapo mlangoni. Ila na mimi nina neno naye. Rafiki zangu wote nimewaambia wakanione dirishani, wameenda wamekuta pazia. Anirudishe."

Msusi akamshika fundi mkono, akamvuta ndani.

"Picha ni yangu, bibi. Kibali natoa mimi."

"Na sura ni ya nani?" bibi aliuliza.

Fundi akaona heri apige magoti kwa wote wawili. Akapewa vibali vyote, cha ndoa na cha dirisha.