Sahani Moja, Mikono Mitano

Dada yake Fanesi alifariki mwezi wa Novemba. Fanesi akamchukua binti wa marehemu, Zione, mwenye miaka minne, akamleta kijijini kwetu, Dedza. Yeye mwenyewe alikuwa na watoto wanne.

"Hapa hakuna yatima," alituambia majirani. "Wote wanangu. Wanakula sahani moja."

Na kweli alikuwa mtu mwema. Kila mchana alisonga nsima, ugali wetu wa mahindi, akachemsha majani ya maboga, akaweka sahani moja chini, watoto wakaizunguka. Lakini Februari ikaingia na ghala zetu tupu. Mahindi shambani hayakuwa yamekomaa.

Mwezi huo uso wa Zione ulijaa. Miguu ikawa minene.

"Jirani, huyu mtoto kanenepa! Unampa nini mwenzetu?" nilimtania Fanesi.

"Siri ya jiko hiyo," akacheka.

Nilisema hivyo kwa mdomo wangu mwenyewe. Hadi leo naona aibu.

Zione akaacha kucheza. Nywele zake zilififia rangi, zikaanza kunyonyoka. Alikaa tu ukutani, hata nzi hafukuzi.

Ndipo akapita Esnati, mhudumu wa afya wa kijiji. Aliubonyeza mguu wa Zione kwa kidole gumba. Alipokiondoa, shimo lilibaki.

"Huu si unene, dada. Ni uvimbe wa njaa. Mtoto anakufa huyu."

"Njaa?" Fanesi aling'aka. "Si anakula na wenzake? Waulize majirani!"

"Basi niwaone wakila."

Sahani ikawekwa. Mikono ya wakubwa ikaenda mbio. Zione alimega tonge moja, akalitafuna polepole, akingoja nafasi. Aliponyoosha mkono tena, sahani ilikuwa nyeupe. Hakulia. Alilamba vidole.

"Ni mdogo, tena mgeni. Hawezi kugombania," Esnati alisema. "Mpakulie sahani yake."

"Nimtenge? Watu watasema nambagua yatima!"

"Na siku ya kumzika watasema nini?"

Fanesi alimfunga Zione mgongoni, tukaenda kliniki. Alilazwa wiki mbili. Kwenye kitanda cha pili, yatima mwingine alifariki. Bibi yake alituuliza amekosea wapi.

Uvimbe ulipoisha, Zione alibaki mifupa. Tulirudi na pakiti za karanga za dawa, lishe laini ya karanga ya kumrudishia mtoto nguvu.

"Ni zake peke yake, msigawane," Esnati alionya. "Na mtoto yeyote akivimba miguu, mpelekeni kliniki siku hiyo hiyo."

Tangu hapo Fanesi alimpakulia kila mtoto chakula chake. Sahani hazikutosha, wawili walikula kwenye vifuniko vya sufuria. Aliketi nao mpaka Zione amalize.

Aprili, mtoto mkubwa wa Fanesi alipeleka mkono kwenye sahani ya Zione. Zione akamchapa.

"Toa mkono wako! Hii yangu!"

Hatukuwahi kumsikia akigombana. Fanesi hakumkemea. Alijifunika uso kwa kitenge, akalia.