Kipimo cha Mtu wa Nne

Kiti cha nne kilikuwa na joto.

Mama Tonge alikigusa kwa bahati tu, akifuta meza mchana wa Jumamosi, akadhani ni jua. Lakini jua lilikuwa upande wa pili wa nyumba. Akagusa viti vingine vitatu, vyote baridi. Akarudi kwenye kile cha nne: joto lilikuwa palepale katikati, upana wa makalio, kama mtu amenyanyuka sasa hivi. Hakumwambia yeyote. Ukishahangaika mwaka mzima kutafuta viti, huwi na haraka ya kuviona vina kasoro.

Na alikuwa amehangaika kwelikweli. Kazi yake ilikuwa kuchora ramani za nyumba za watu, na jicho la mchoraji halishibi viti vya plastiki. Alivitaka vile vya mtindo wa miaka ya hamsini, vyenye miguu myembamba inayotanuka chini, mgongo wa mbao uliopindwa kwa mvuke, na kikalio cha kamba iliyosukwa. Vya asili, bei yake ilikuwa ya mtu kuuza nyumba ili apate kiti. Vya kuiga alivyovikuta madukani vilikuwa aibu tupu. Kimoja kilimwachia mguu mkononi, na muuzaji akamwambia bila haya, "Dada, hicho ni cha kuangalia, si cha kukalia." Rahisi ni ghali, lakini nani husikia akishapenda?

Ndipo akaelekezwa kwa fundi mmoja nyuma ya karakana ya kuchomea mageti, mtu mkavu na mkali, anayevaa futikamba shingoni kama wengine wanavyovaa tai. Wateja walimwita Fundi Futi. Viti vyake ungeviweka kando ya vya asili usijue kipi ni mama na kipi ni mwana, na bei yake ilikuwa ya kibinadamu. Sharti lake moja tu: hatengenezi kiti mpaka apate vipimo vya atakayekikalia, kutoka kisigino hadi nyuma ya goti, na kutoka nyonga hadi bega.

"Nyumbani mko wangapi?" aliuliza.

"Watatu. Mimi, mume wangu na mtoto. Ila nataka vinne."

"Cha nne cha nani?"

"Cha kukamilisha meza."

Fundi alimtazama kana kwamba ametukaniwa mama yake. "Meza haikai, mama. Atakaa nani?"

"Basi, mgeni."

"Mgeni ana miguu. Niletee vipimo vyake."

Kwa Mama Tonge, meza ya pande nne yenye viti vitatu ilikuwa kama kinywa chenye pengo. Akafanya wanachofanya wachoraji kila siku. Wakichora nyumba huweka ndani yake watu wasiokuwepo, mmoja mlangoni, mmoja sebuleni, ili mwenye kujenga aone ukubwa wa chumba. Huwachora wembamba, wenye miguu mirefu kuliko ya binadamu, kwa sababu miguu mirefu huipendezesha nyumba. Sura hawawachori. Mama Tonge akampima mmoja wa watu wake hao kwa rula, akazidisha, akaandika, akampelekea fundi.

Fundi alikikodolea macho kipimo cha muundi, kile cha kisigino hadi goti. "Huyu mtu yupo?"

"Yupo," alijibu, macho makavu.

Siku iliyofuata lile joto, Jumapili, wakila mchana, kamba ya kiti cha nne ililia kidogo. Mama Tonge aliinua macho, akaona kikalio kinazama taratibu, kamba moja baada ya nyingine, kisha kikatulia hapo chini. Ikaja harufu ya nywele zilizoungua.

"Umeona?" alinong'ona.

"Mbao mpya hizo, zinajinyoosha," alisema mumewe. Alikuwa mwalimu wa hesabu, na kubisha kwake kulikuwa ibada.

Tonge, binti yao wa miaka sita, aliacha kutafuna. "Mama, mbona huyu hamumpi chakula?"

"Nani, mwanangu?"

"Huyu mrefu. Magoti yake yanagonga meza."

Chini ya meza kitu kikagonga mara mbili. Glasi zikatikisika.

"Anakuangalia?" aliuliza mama.

"Haangalii. Hana macho."

Jioni ile Mama Tonge alikifungia kiti stoo. Asubuhi alikikuta mezani, kimevutwa nyuma kidogo, kama kwa mtu anayetaka kukaa. Alimlaumu mume, mume akamlaumu yeye, wakarushiana maneno ambayo hawakuwahi kuambiana. Nyumba ikawa chungu. Hata kijiko kikianguka, kila mmoja alimgeukia mwenziwe na jicho la ugomvi.

Jumatano alirudi kutoka kazini mapema, akamkuta Tonge peke yake mezani akipaka rangi, amekaa kwenye kiti cha nne. Alikuwa amefungua kinywa amkemee ashuke, na hapo macho yake yakateremka chini, yakapita ukingo wa sketi ya shule, yakaendelea kuteremka kwa sababu miguu ya mtoto ilikuwa inaendelea tu, mirefu, myembamba, goti likiwa mahali ambapo kisigino kilipaswa kuwa, mpaka chini kabisa, ambako nyayo za mwanawe zilikuwa zimekanyaga sakafu zikatulia, kwenye kiti ambacho hata baba yake akikikalia miguu yake huning'inia.

"Kimenitosha," alisema mtoto, kwa sauti isiyokuwa ya mtoto. "Ulinipimia vizuri."

Mama alimnyakua. Mikononi mwake Tonge alikuwa yuleyule mdogo, miguu mifupi, baridi kama maji ya mtungini, analia hajui kwa nini. Mume alitoka chumbani, na safari hii, alipoona miguu ya binti yake ilivyokuwa ya samawati, hakubisha. Mama Tonge alimkabidhi mtoto, akakimbilia kwa fundi.

Fundi Futi hakumkaribisha. Aliendelea kupiga randa.

"Nilikuuliza mara ngapi? Wapo wanaopita tu duniani, hawana umbo, hawana pa kukaa. Wewe umempa umbo, ukampa na kiti. Bado nini, umtandikie?"

"Fundi, ni mwanangu! Nikichome?"

Randa ikasimama. "Thubutu! Mwenye kiti akinyang'anywa kiti hukaa popote panapokalika. Huanza na mtu mdogo, anamkalia mpaka pumzi inakwisha. Na hashuki ila ahamie kwa mtu anayemwita mwenyewe, kwa hiari yake. Kilete hapa kizima. Nitakikata miguu nikipimie mtu aliye hai. Kisipomtosha tena ataondoka."

Alimpigia mume simu. Haikupokelewa. Alikimbia njia nzima, kiatu kimoja kikabaki barabarani, na alipokata kona aliona moshi ukipanda nyuma ya nyumba yake.

"Nimemaliza!" Mume alikuwa uani, mafuta ya taa mkononi, anacheka kwa woga. Miguu ya kiti ilikuwa tayari makaa.

"Tonge yuko wapi?"

"Ndani. Amekaa anatungoja."

Mtoto alikuwa kwenye kiti chake mwenyewe, kifua kimebanwa kwenye ukingo wa meza, uso umekuwa wa majivu, mdomo unafunguka na kufungika bila sauti, na kamba za kiti zilikuwa zimezama karibu kugusa sakafu chini ya mtoto ambaye hata gunia la unga lilimzidi uzito. Mama alimvuta. Hakuvutika. Akamvuta tena mpaka misuli ya mikono ikalia.

Akamwachia. Akavuta kiti chake mwenyewe, akakaa, akajipigapiga mapaja.

"Njoo," alisema. "Mimi ndiye niliyekupima. Njoo ukae kwangu."

Kamba za kiti cha Tonge zikapanda. Mtoto akavuta pumzi moja ndefu yenye mlio, na rangi ikamrudi usoni. Mama Tonge alihisi uzito ukimshukia mapajani, nyonga kwanza, kisha mgongo, na meza ikainuka kidogo kwa magoti yasiyo yake.

"Unaona?" Mume alisimama mlangoni. "Yameisha. Mtoto mzima."

Tonge aliteremka kitini, akafuta machozi kwa kiganja, akamkimbilia mama yake mikono wazi, kama mtoto yeyote aliyeogopa, apande mapajani, palepale palipokwisha kukaliwa.

"Toka!" Mama alimpigia kelele ambayo hajawahi kumpigia. "Usinisogelee! Mtoe huyu mtoto, mtoe!"

Tonge alisimama katikati ya chumba, midomo ikimcheza, akimtazama mama yake kama mtu asiyemjua. Baba akambeba, akamtupia mkewe jicho la chuki, akatoka naye nje.

Mama Tonge hakuinuka. Alisikia kilio cha mwanawe kikienda mbali barabarani, na harufu ya nywele zilizoungua ikamjaa puani. Kisha kile kilichomkalia kikajinyoosha, kikalaza mgongo wake kifuani mwa mama.