Leseni ya Packhorse

Clive Thackray alikutwa amelala kifudifudi kwenye stoo ya chini ya baa yake, Packhorse, katikati ya mapipa mawili ya bia. Kisogo kilikuwa kimepasuka. Kando yake ilikuwepo nyundo ya mbao, ile ya kugongea bomba kwenye pipa, ina damu na nywele.

Aliyemkuta ni dereva wa lori la bia. Sasa alikuwa ameketi nje kwenye mvua, hataki kuingia tena.

"Amekufa lini?" Inspekta Hilary Braithwaite aliuliza.

"Asubuhi hii hii," alijibu daktari wa polisi. "Mwili bado una joto. Pigo moja, kutoka nyuma."

Juu, kwenye kaunta, kulikuwa na glasi mbili za wiski. Moja tupu, nyingine imejaa. Konstebo Nuttall alikuwa amekwisha kuzinyunyizia unga wa kuonyesha alama za vidole.

"Hii iliyojaa ina alama za Clive, afande, na za mtu mwingine. Vidole viwili tu. Ni kama aliisukuma."

Mlango haukuvunjwa. Clive alimfungulia mgeni wake, akammiminia kinywaji, mgeni akakikataa.

Lorraine, mke wa marehemu, alikuwa jikoni anavuta sigara. Macho yalikuwa mekundu, lakini sauti ilikuwa kavu.

"Ulikuwa wapi?"

"Kwa dada yangu, Halifax. Nililala huko. Muulize."

"Leseni ya kuuza pombe hapa ni ya nani?"

"Yangu, tangu jana mchana. Kamati ya halmashauri imeihamisha kutoka kwa Clive."

"Basi kifo chake hakikupunguzii kitu."

"Wala hakiniongezei, mama. Usijisumbue na mimi."

"Mumeo alikuwa mtu wa kugawa wiski bure?"

Lorraine alicheka bila kutaka. "Clive? Siku ya harusi yetu baba yangu alilipia mwenyewe bia aliyokunywa. Ukiona Clive anakupa bure, jua kuna jambo anataka umsamehe."

"Alitaka kusamehewa na nani?"

Lorraine aligeukia dirishani. Mfereji ulionekana pale chini, maji meusi, kingo za mawe.

"Mji mzima unajua," alisema.

Inspekta naye alijua. Wakati wa baridi, msichana wa miaka kumi na sita aliuziwa vodka Packhorse, akatoka akitembea peke yake, akatumbukia mfereji ule. Clive alipoona leseni yake iko hatarini, aliomba ihamie kwa mkewe.

Bwana Prentice, karani wa kamati ya leseni, alimpokea Inspekta ofisini kwake.

"Jana kikao kilikwendaje?"

"Kwa utulivu. Polisi walikuwa wamepinga. Kisha sajenti wenu akasimama, akaondoa pingamizi. Thackray alikuwa ameahidi hatakanyaga tena nyuma ya kaunta. Kamati ikakosa sababu ya kukataa."

"Hakuna mwingine aliyepinga?"

"Baba wa yule binti, Gordon Whitham, aliomba kusema. Mwenyekiti akamkatalia. Sheria ndiyo ilivyo, Inspekta. Leseni ikihamishwa, polisi wanaweza kupinga. Mzazi hawezi. Jirani hawezi."

"Alifanyaje?"

"Alikaa. Akasema, 'Samahani.'"

Gordon Whitham, fundi bomba, alifungua mlango kabla Inspekta na Nuttall hawajagonga mara ya pili. Alikuwa bado amevaa suti ya jana.

"Bwana Whitham, naomba kuchukua alama za vidole vyako."

"Hakuna haja," alisema. "Ingieni. Futeni miguu, mke wangu amepiga deki."

Inspekta alimsomea onyo la polisi, kwamba atakachosema kinaweza kutumika mahakamani. Gordon alisikiliza mpaka mwisho.

"Ulikwenda kumuua?"

"Nilikwenda kumuuliza kama anaona aibu. Nikamkuta nyuma ya kaunta, Inspekta. Amevaa aproni, anapanga glasi. Hata siku moja haijapita! Akanimiminia wiski. Akasema, 'Tuyamalize, Gordon, rafiki yangu. Hii baa siyo yangu tena.' Huku anatabasamu."

"Kisha?"

"Akashuka kubadilisha pipa. Alikuwa anapiga mluzi. Nikamfuata. Nyundo ilikuwa juu ya rafu." Alitazama mikono yake. "Kwa nini mlimwamini? Nyinyi peke yenu mlikuwa na ruhusa ya kusema."

Nuttall aliinamisha kichwa. Inspekta akauliza:

"Na wewe ungeruhusiwa, ungesema nini?"

"Jina lake tu," Gordon alisema. "Walitaja jengo, mwombaji, mwenye leseni, masharti. Kikao kizima. Mwanangu hawakumtaja hata mara moja. Nikatoka pale kama mtu ambaye hajawahi kuzaa."

Inspekta Braithwaite alitoa pingu, akazifunga taratibu, bila kukaza.

"Nuttall," alisema, "kwenye maelezo ya mtuhumiwa, andika jina la binti. Lote."

"Linaandikwaje, afande?"

Gordon ndiye aliyemjibu, herufi kwa herufi, huku konstebo akiandika.