Kona Iliyoitwa Raya

Siku hiyo duka la fotokopi lililo mkabala na stendi ya Bagamoyo lilifurika watu. Walikuwa wanafunzi wa chuo wenye fomu za kurudisha kabla ya saa sita, na Raya alikuwa peke yake kwenye mashine mbili. Kijana mmoja mrefu, shati lake la bluu limejaa unga wa alumini mabegani, akapenyeza simu yake katikati ya vichwa vya watu.

"Nitolee hii picha, dada. Kopi moja tu."

Raya aliitazama ikitoka. Goli, vidoti kumi, mishale.

"Hii ni kona," alisema. "Tena kona mbovu. Wote umewarundika kwa kipa. Ningekuwa beki wa wapinzani wako, ningekaa chini nikala karanga."

Watu wakacheka. Kijana huyo, Muzammil, fundi wa madirisha ya alumini aliyetokea Miono, hakucheka.

"Basi nichoree ya kwako."

Raya alicheza netiboli miaka minne shuleni, na huko alijifunza jambo ambalo mabingwa wengi wa kubishana mpira hawalijui: anayefunga ni yule aliyefunguliwa njia. Akageuza karatasi, akachora. Wawili wasimame wamzibie njia beki wao mrefu. Mmoja akimbilie mlingoti wa kwanza awavute wengine. Beki wetu wa kati achelewe makusudi, kisha aingie mlingoti wa pili akiwa peke yake. Wawili wabaki nyuma, timu isije ikashtukizwa.

Kona ile ilikuwa ya gemu la kompyuta, lile ambalo huugusi mpira. Wewe ni kocha, unapanga timu na kuitazama ikicheza. Vijana walishindana ligi katika chumba cha gemu cha Shuaibu. Siku ya tatu Muzammil alirudi dukani, safari hii ananukia udi.

"Magoli manne, mrembo. Yote ya kona."

Baada ya hapo alikuja hata asipokuwa na cha kukopi, na jioni simu zikaanza.

"Umekula?"

"Unaulizia chakula au kona?"

"Chakula kwanza, kipenzi. Mimi si mchoyo."

Mwezi wa nane barua ya posa ikafika kwa Ami Abdulwahab, mdogo wa marehemu baba yake Raya. Jibu lilikuwa litoke Jumapili. Ijumaa, baada ya sala, ami alikaa barazani kunywa kahawa, na nyuma yake vijana wawili walikuwa wakizungumza.

"Raya wa Muzammil hazuiliki. Jana kaingia mara tatu."

"Mimi nilimwekea watu wawili, kawapita wote."

"Mbona hata mimi ninaye. Muzammil kamgawa kwa kila mtu."

Ami aliacha kikombe, akaenda moja kwa moja kwa shemeji yake, mama yake Raya, akatangaza kwamba barua inarudi Miono. Raya alisikia yote akiwa jikoni. Alimpigia Muzammil kwa hasira.

"Jina langu linafanya nini vinywani mwa wanaume?"

"Raya, ni kona tu. Gemu linataka kila kona uipe jina. Nikaipa lako. Wenzangu wakaiomba, nikawapa."

"Uko wapi?"

"Kwa Shuaibu."

"Usiondoke."

Saa kumi alasiri aliingia, baibui jeusi na mtandio wa zambarau, mahali ambapo mwanamke hakuwahi kutia mguu. Vijana sita wakageuka. Kwenye kioo cha kompyuta jina lake lilikuwa pale pale, kwa herufi kubwa.

"Nilitaka kukutukuza," Muzammil alisema akiinuka. "Si wewe uliyeibuni?"

"Hawa wanajua hivyo?"

Muzammil akageukia kompyuta.

"Nakuuliza wewe, fundi. Hawa wanajua nani kaichora?"

Shuaibu akadakia bila kujua anatia kuni motoni. "Si kaichora mwenyewe, shemeji? Alituambia kaumiza kichwa wiki nzima."

Kumbe. Mwanamume akipata chake hukitangaza. Akipata cha mwanamke hukitangaza zaidi, ila hasemi kimetoka wapi. Hasira ya jina ilikuwa moto wa makuti. Hii ya sasa ilikuwa ya mkaa.

"Jina langu umewagawia, kazi yangu umebaki nayo," Raya alisema. "Ungefanya kinyume, ningekupenda mpaka kufa."

"Niliogopa watanicheka. Kwamba nafundishwa mpira na..."

"Na nani? Malizia."

Raya hakungoja amalizie.

"Ami kayasikia barazani. Nenda ukayafute huko huko, mbele ya hao hao. Usipokwenda, barua yako nitaipeleka Miono kwa mkono wangu."

Jumamosi alasiri simu ililia. Raya aliiacha iite mara tano ndipo akapokea.

"Nimesema," ilikuwa sauti ya Muzammil.

"Umesema nini?"

"Kwamba kona ni yako, jina nimelifuta, na mimi ni mwongo."

"Mbele ya nani?"

"Baraza zima. Ami yako kakaa mbele kabisa."

"Wakasemaje?"

"Walicheka mpaka kahawa ikamwagika."

"Walikucheka wewe au mimi?"

"Mimi. Ashrafu wa pale kwa Shuaibu kaniuliza kama na madirisha unanipimia wewe."

Raya aliuma ncha ya mtandio asicheke. Hakutaka kumpa hata hicho.

"Na ami?"

"Kauliza hao wawili wanaoziba njia, kwani si faulo? Nikamwambia mwenye kona ni wewe, akuulize wewe. Akasema hilo ndilo neno la kwanza la maana kulisikia kwangu. Barua hajairudisha. Jioni atakuuliza mwenyewe kuhusu posa. Utamjibu nini?"

Raya alimpenda, na hilo lilimuudhi kuliko yote.

"Nitamjibu ndiyo."

"Raya, mpenzi..."

"Usiniite mpenzi. Nimekasirika bado."

"Mpaka lini?"

"Sijui. Labda mpaka siku ya nikaha, labda na baada yake. Utanioa hivyo hivyo."

"Nitakuoa hivyo hivyo."

Akakata simu, akaenda kumwambia mama yake.