Magunzi Yaliyogeuka Majivu

Kila alasiri, akitoka shule, Anahí alivua sare, akala mkate wake, kisha akaenda nyuma ya nyumba kuchoma magunzi ya mahindi. Waliishi Pelileo, mji wa milimani ambako watu wengi hushona au kufua suruali za jinzi. Baba yake, Wilson, alikuwa na mashine za kufulia na kutia rangi, wafanyakazi wawili, na bomba moja la kutolea maji machafu. Bomba hilo liliishia kwenye mfereji uliomwagilia mashamba ya chini.

Maji yake yalikuwa ya buluu iliyokoza. Mwaka huo kamati ya mfereji ilimpa Wilson onyo la mwisho: maji yakionekana ya buluu tena, bomba litazibwa. Bila bomba hakuna kufua, na bila kufua hakuna kazi.

Wilson alikwenda chuo kimoja katika mji jirani wa Ambato kujifunza kuchuja maji kwa mkaa wa magunzi. Gunzi likiunguzwa ndani ya pipa lililozibwa, likikosa hewa, haliteketei. Linabaki mkaa mweusi wenye vitundu vidogo mno kwa macho, na maji machafu yakipita humo, rangi na sumu hunaswa. Kwa miezi kadhaa kichujio kilifanya kazi, na kamati ilinyamaza.

Kuchoma magunzi ilikuwa kazi ya Anahí. Alijaza pipa, akawasha moto kulizunguka, akafunika, akapaka tope ukingoni mwa mfuniko ili hewa isiingie. Tangu mama yake afariki, alizifanya kazi zote kwa namna moja: mikono ilitenda, yeye mwenyewe hakuwepo. Mazishini hakulia. Shangazi zake walimsifu kwamba ni jasiri. Hakuwa jasiri. Hakuhisi kitu.

Ijumaa moja aliwasha moto, akaweka mfuniko, akakaa juu ya tofali. Ndoo ya tope ilikuwa karibu na mguu wake. Aliiona. Hakuigusa. Giza lilipoingia alikwenda kulala.

Asubuhi alikuta pipa limejaa majivu ya kijivu, na vipande vichache tu vyeusi. Aliyatazama kwa muda. Alikumbuka jinsi mama yake alivyopika mote: mahindi makavu yalichemshwa pamoja na majivu mpaka maganda yakabanduka, punje zikabaki nyeupe safi. Majivu yanasafisha, alijiambia. Aliyamimina kwenye kichujio, akatandaza vile vipande vyeusi juu, na majivu yaliyobaki akayatia kwenye ndoo safi. Baba alipouliza kama mkaa uko tayari, aliitikia kwa kichwa.

Jumatatu ilikuwa zamu ya Mama Hortensia kumwagilia. Mwanamke huyu mzee ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati, na shamba lake lilikuwa la majani ya kulisha simbilisi, wanyama wadogo aliowafuga. Alipanda kilima na chupa mkononi, akaiweka juu ya mashine mbele ya Wilson. Maji yalikuwa ya buluu.

"Wilson, simbilisi wangu wanakula majani," alisema. "Hawajaniomba suruali."

Mfanyakazi mmoja alicheka, kisha akaacha. Wilson alijimiminia kidogo kiganjani, akasugua vidole. Maji yaliteleza kama yenye sabuni. Alisema haelewi, maana alifuata kila alichofundishwa. Alizunguka kichujio, akarudi pale pale.

"Basi mkaa haufai," alisema mwishowe. "Nilijidanganya. Kesho njooni mzibe bomba, mama. Mashine nitaziuza."

Anahí alikuwa amesimama mlangoni na mkoba wa shule. Maneno yale hayakumgusa popote. Lakini alijua kwamba si kweli, na kwamba hapo hakuna mwingine aliyejua.

"Haukuwa mkaa," alisema. "Ni majivu. Sikuziba pipa."

Akaeleza mengine yote kwa sauti ya mtu anayesoma somo darasani. Wilson alifunua kichujio, akachota kwa kiganja, akaona. Aliuliza kwa nini alitia majivu.

"Mama alisafishia mote."

Kisha Mama Hortensia akavuta kiti.

"Majivu yanakula ganda la hindi, binti. Rangi hayaishiki. Yanayafanya maji yawe makali tu, na maji makali yanaunguza mizizi." Akamgeukia Wilson. "Nakupa mpaka zamu yangu ijayo. Kabla ya hapo, usifue hata soksi."

Mashine zilikaa kimya. Anahí na baba yake walichoma magunzi upya, na safari hii Anahí alipaka tope mwenyewe, akizungusha kidole ukingoni kote. Pipa lilipopoa, mkaa ulikuwa mweusi mpaka ndani, ukilia kama vigae ukigongwa. Zamu ilipofika, Wilson alifua suruali chache za kujaribia, na maji yalitoka na rangi hafifu mno. Mama Hortensia aliishika chupa mbele ya aproni yake nyeupe, akaitazama sana.

"Haya," alisema. "Fua."

Jioni hiyo Wilson aliketi na binti yake kando ya pipa.

"Kuacha tope ni kosa la mtu aliyechoka," alisema. "Ungeniambia asubuhi ile, tungechoma tena, yakaisha. Ulipoitikia kwa kichwa, uliniacha niamini uongo, na kidogo tu nitupe kitu kinachofaa. Ukiharibu kazi, sema kabla mwenzako hajaitegemea. Na siku ukiona kazi imekushinda, sema pia. Mimi nipo."

Anahí alisema amesikia.

Majivu ya siku ile ambayo hayakuingia kwenye kichujio yalikuwa bado kwenye ndoo. Siyo ya kutupa, alisema baba. Kwa hiyo walipika mote, mara ya kwanza tangu Januari, mama alipofariki. Anahí aliyasugua mahindi kwenye maji ya majivu, maganda yakabanduka. Kidole chake kilikuwa na mkwaruzo, na maji yale makali yaliingia humo.

"Inauma," alisema.

Baba yake alimmiminia maji safi mkononi, na Anahí akaanza kulia.